Debi ya Mashemeji ni Jumapili: mdomo tunaufungua hadi wapi?

Fundi wa Kiboswa (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, hamjambo. Mulembe kwa Ingwe wote, yaani chui wa AFC Leopards, na wenzangu wa K'Ogalo, yaani Gor Mahia, nawasalimu.

Debi ni Jumapili, na tangu Jumatatu karakana yangu haijatulia. Mimi ni fundi wa baiskeli na bodaboda hapa Kiboswa, pale unapoiacha kaunti ya Kisumu ukipanda kuelekea Kakamega na kuingia Vihiga. Mteja wa kwanza asubuhi hunisemesha Kijaluo, wa pili Kimaragoli, na wiki hii hakuna anayekuja kwa sababu ya tairi. Wanakuja kutambiana. Jana kijana mmoja wa boda aliniletea pikipiki, nikamuuliza ina shida gani. Akasema, "Mnyororo umelegea kama beki yenu." Nilikuwa na spana mkononi. Niliiweka chini nikacheka mpaka machozi. Nikamwambia mnyororo nitaukaza kwa dakika tano, lakini kombe la ligi wao wanalingoja tangu 1998, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa naye analea. Akalipa, akaondoka akipiga honi soko zima hadi akapotea kwenye kona.

Huo ndio mdomo ninaoupenda. Nausubiri kuliko hata mechi yenyewe.

Uzi nimeufungua kwa sababu ya mdomo wa aina nyingine. Dadangu ameolewa Chavakali, kwa watu wa Ingwe damudamu. Siku wazee wao walipoleta ng'ombe kwetu, baba mkwe wake alishuka kwenye matatu na skafu ya buluu juu ya koti, akasimama langoni akasema haingii boma la Gor bila ngao. Babangu akamjibu kwamba ngao ya chui hutengenezwa kwa ngozi yake mwenyewe. Wakashikana mikono wakicheka, na mahari yakajadiliwa bila mtu kupandisha sauti. Tangu siku ile tuna desturi: Gor ikifungwa napeleka samaki wa ngege Chavakali, Ingwe ikifungwa shemeji ananiletea jogoo. Ikitoka sare kila mtu anakula kwake.

Yule mzee alifariki wiki moja kabla ya debi moja iliyopita. Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp jamaa mmoja akaandika: "Mzee amechoka kungoja kombe, amekwenda kuliulizia juu." Mimi, shemeji wa nyumba ile, niliweka vikaragosi vitatu vya kucheka. Sikufikiri hata sekunde moja, kidole kilitangulia. Saa tano usiku shemeji akajitoa kwenye kikundi.

Matanga nilikwenda. Kaburi nilisaidia kulichimba. Hakunitaja wala hakuniangalia. Baada ya mwezi nikapanda matatu na jogoo, ingawa deni halikuwa langu, nikaomba msamaha. Alinipokea, tukanywa chai, lakini kutambiana kumeisha. Debi mbili zimepita tunasalimiana kama watu wa benki.

Msimamo wangu sasa ni huu: piga timu yangu, piga kipa wangu, piga ugali na omena yangu, niko tayari kukujibu. Kaburi liache. Na kabila usilitoe uwanjani kulipeleka kwenye siasa. Ninyi mnasemaje?

Isukuti ya Khayega

Mwanangu fundi, umeliweka vizuri. Nami nina la kuongeza kama mzee.

Sisi Waisukha na Waidakho tumekulia ndani ya majigambo. Siku ya fahali kupigana, pale Khayega, Shinyalu au Malinya, fahali hutolewa zizini kabla jua halijachomoza. Anasindikizwa na ngoma za isukuti, pembe na nyimbo za shilembe. Mwimbaji anamsifu fahali wetu na kumchamba wa upande ule: mgongo wake umepinda kama daraja la miti, amelelewa kwa majani ya kuomba, ataukumbuka mlango wa zizi kabla ya adhuhuri. Mwenye fahali anasikia yote hayo na anaruka na kucheza, kwa kuwa wake naye ana mwimbaji. Umri wangu wote sijasikia mwimbaji akimgusa mama wa mwenye fahali. Jioni fahali mmoja atakimbia, na mwenye fahali atabaki kuwa jirani yako. Kesho utakwenda kwake kuomba jembe.

Isukuti hiyo UNESCO waliiorodhesha mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma zizo hizo ndizo tunazozibeba kwenda kuishangilia Ingwe. Kwa hiyo mtu akiniambia kelele za mashabiki ni utovu wa adabu, namwonea huruma. Ni adabu ambayo hajafundishwa.

Sasa turudi kazini. Hiyo 1998 yenu nimeikubali, sina pa kukimbilia. Lakini mbona hesabu ya Afrika Mashariki na Kati mnaikwepa? Ingwe imelibeba kombe la vilabu la CECAFA 1979, 1982, 1983, 1984 na 1997. Mara tano. Ninyi 1980, 1981 na 1985. Mara tatu. Na fainali ya 1984 tulikutana uso kwa uso, mkanyolewa bila maji.

Nyar Nyalenda

Mzee wa Khayega, nakuheshimu kama baba, ila hapo kwenye 1985 umepita mbio kama matatu iliyokata breki. Fainali hiyo nayo tulikutana uso kwa uso. Wembe ulikuwa mkononi mwa nani?

Na 1987 hukuitaja kabisa. Mbili kwa mbili Tunis dhidi ya Espérance, moja kwa moja Nairobi, kombe la washindi la Afrika likabaki kwetu kwa mabao ya ugenini. Nahodha Austin Oduor. Peter Dawo ndiye jina ambalo babangu alikuwa akilitaja mezani kwa sauti ile ile aliyoombea chakula. Nionyeshe klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kuleta nyumbani kombe la bara. Nangoja hapa hapa, nina stuli.

Ila nakuunga mkono kwa neno la mwimbaji. Sisi Wajaluo tuna pakruok. Nyatiti, ala yetu ya nyuzi, inalia, mtu anasimama, anatoa pesa, mpigaji anatulia, halafu yeye anajisifu: mimi ni fulani, mtoto wa fulani, ninayevuka ziwa huku mawimbi yakinipisha. Anayefuata anasimama kumzidi. Kanuni yake ni kwamba unajipandisha mwenyewe, na yule mwingine anashuka kwa kuwa wewe umepanda. Humburuti matopeni. Ukiwa na maneno ya kujisifu huna haja ya matusi. Anayetukana amekwisha maneno.

Sasa niseme linalonichoma. Ninaenda uwanjani tangu nikiwa msichana. Miaka ya karibuni nimemchukua binti yangu mara mbili, na mara ya pili tuliondoka dakika ya sitini. Tulikuwa tukiongoza! Tuliondoka kwa sababu nyimbo zilizokuwa zikiimbwa nyuma yetu, na watu wa jezi yangu mwenyewe, zote zilihusu mwili wa mwanamke. Binti aliniuliza neno moja maana yake nini. Nilimwambia nitamweleza nyumbani, na mpaka leo sijamweleza. Wanaoimba hivyo hawamtanii Ingwe. Wananifukuza mimi.

Chui wa Lurambi

Naona wazee wameugeuza uzi kuwa darasa la Jumapili. Mimi naona mnataka kumfuga chui. Utani usiouma ni salamu tu. Mtu akikosa la kukuchoma kabla ya debi ujue hakuhesabu.

Timu yenu imepewa jina la mganga wa Kanyamwa, ambaye wenyewe mnasimulia alikuwa akijigeuza atakavyo. Jumapili ajigeuze kipa, maana mliye naye anadaka upepo. Hilo nalo limevuka mpaka? Ni jina la marehemu, kumbuka.

Fundi wa Kiboswa

Chui, hilo ni tamu, na halijavuka. Gor Mahia wa Kanyamwa ni babu wa hadithi, kila Mjaluo amemsikia akiwa mtoto kando ya moto, na sisi wenyewe ndio tunaojigamba kwa uganga wake. Ulichokichukua ni sifa yetu na umeturudishia na ncha mbele. Hiyo ndiyo kazi nzuri. Baba mkwe wa dadangu hakuwa hadithi. Kaburi lake lilikuwa hata bado halijachimbwa, na mkewe alikuwa amelala sakafuni na wanawake wa matanga.

Nikubaliane nawe hapa: utani lazima uume. Ukiuma nitakesha nikitafuta jibu, na usiku huo nimeufurahia. Ninachokataa ni lile linalomfanya mtu ashindwe kujibu kabisa. Ukimnyamazisha mtani wako, Jumapili utatambiana na nani?

Kuhusu kipa, subiri.

Beki wa Kushoto

Nimecheza madaraja ya chini huku Kakamega misimu kadhaa, nikakutana na vijana ambao baadaye walipanda ligi kuu. Hebu niwaambie mambo ya ndani ya chaki, maana ninyi mnaongea ya jukwaani.

Mchezaji hatukani kwa sauti. Refa anasikia. Mambo yote ni wakati wa kona, wakati wa kurusha na wakati mpira umetoka nje. Winga mmoja aliniuliza dakika ya pili, kwa upole kabisa, kama mtu anayeulizia nauli: "Beki, hiyo mguu wa kulia huwa unaitumia kwa kazi gani?" Basi. Hakurudia. Nusu saa nzima nikawa naufikiria mguu wangu wa kulia. Nikaanza kuutumia ili nimwonyeshe, na ndivyo alivyonipita akafunga. Aliponipita mara ya pili hakusema neno, alinigusa bega tu.

Ndiyo maana nasema majigambo ya kweli yana shabaha. Yule alinichunguza. Alijua udhaifu wangu kabla sijaujua mimi. Mwingine, mechi nyingine, alinitusi kwa kabila la mamangu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na niliucheza mchezo bora wa maisha yangu siku ile. Nilikuwa nimekasirika na akili iko wazi. Tusi lilinipa nguvu. Swali dogo lile lilinimaliza.

Nawaona makocha kwenye mikutano ya kabla ya mechi wakisema wanawaheshimu wapinzani, mechi itakuwa ngumu, wachezaji wote wako sawa. Natamani siku moja mmoja aulize swali dogo kama la yule winga. Debi ingeanza Ijumaa.

Kijani Damu

Mimi naongea kifupi. Nilikuwa uwanja wa Nyayo tarehe 23 Oktoba 2010. Watu saba walikufa kwenye msongamano langoni siku ya debi hii hii. Sipendi mtu aniambie matusi ya mashabiki ndiyo yaliyoua. Pale nje tulikuwa tumechanganyika, kijani na buluu, tukiimbiana, tukiuziana njugu. Kilichoua ni umati mkubwa kubanwa kwenye nafasi ndogo. Aliyenivuta kwa kola ya shati nikapata hewa alikuwa amevaa buluu. Sijui jina lake mpaka leo.

Machi 2012 ni habari nyingine. Mchezaji wetu alipewa kadi nyekundu, viti vikang'olewa, mechi ikasimama. Pale tulikosea wenyewe na nilikuwepo. Sikurusha kitu, lakini sikumshika mkono aliyerusha.

Mzee wa Khayega, kila debi tangu 2010 nikifika langoni huwa natafuta jezi ya buluu nitembee kando yake. Nawaomba vijana, imbeni mtakavyo mkishaketi. Langoni tembeeni polepole.

Isukuti ya Khayega

Kijani Damu, pole sana, mwanangu. Nimesimama nilipolisoma.

Mwana Afraha

Nawasoma kutoka Nakuru na wivu unanila. Sisi tuna Ulinzi Stars, ambayo kwa miaka mingi nyumbani kwake kulikuwa uwanja wa Afraha, na ubingwa imeuchukua 2003, 2004, 2005 na 2010. Timu safi, nidhamu ya jeshi. Lakini mtani wetu ni nani? Hatujawahi kumpata. Ukishinda ligi mara tatu mfululizo na asubuhi yake huna mtu wa kumpigia simu umcheke, ushindi unapoa haraka kama chai ya stendi. Ninyi mna jambo ambalo haliwezi kununuliwa. Kuna watu walioana kwanza, ndipo timu zikapata jina la mashemeji.

Nyar Nyalenda

Mwana Afraha umenena. Na kumbukeni kwamba majina yenyewe yalikuwa ya kikabila hadharani. Serikali ilipoyapiga marufuku, Abaluhya ikawa AFC Leopards mwaka 1980, na Luo Union ikawa Re-Union. Majina yalibadilika, watu hawakubadilika, na jambo ninalolipenda ni kwamba hatukuacha kutaniana kwa ukabila wetu: wao kuku, sisi samaki, wao wanalia na ngoma, sisi tunalia na Kiingereza. Utani huo ni wa watu wanaojuana jikoni. Mwaka wa uchaguzi ndipo maneno yale yale huanza kunuka, kwa sababu anayeyasema hajui jiko la mtu yeyote.

Mulamwa wa Chavakali

Nimetumiwa uzi huu na mke wangu. Kusema kweli sikutaka kuandika.

Fundi, umesimulia vizuri ila kuna mahali umekosea, na nimekuacha ukosee kwa debi mbili kwa sababu sikuwa na maneno.

Ule utani haukuwa wa yule jamaa. Ulikuwa wa babangu. Yeye alimwona Joe Kadenge akicheza kwa macho yake, na hadi uzeeni alikuwa akiiga sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, "Kadenge na mpira", huku akimpokonya mjukuu mpira wa karatasi. Miaka ishirini na zaidi kila msimu ukiisha alikuwa akituambia: "Nikifa kabla ya kombe, nitakwenda kuliulizia huko huko." Alikuwa akilisema kwenye kiti chake, nasi tunacheka. Hata wiki ile ya mwisho, hospitalini, alilisema kwa muuguzi.

Kwa hiyo niliposoma maneno yale kwenye simu nilisikia sauti yake. Nilicheka, ora, shemeji yangu. Nilicheka peke yangu gizani kabla sijalia. Na nikakasirika kwamba limesemwa na mtu ambaye hakuwahi kumsikia akilisema, akidhani amelibuni yeye. Vikaragosi vyako vitatu nilivielewa. Ulicheka kwa sababu lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri kwa sababu ni lake.

Sikujua nikuambie vipi. Ulipokuja na jogoo ukaanza kuomba msamaha, niliona ukiomba msamaha kwa utani wa babangu mwenyewe, na nikashindwa kukatiza. Basi nikanyamaza, kunyamaza kukawa tabia.

Fundi wa Kiboswa

Shemeji. Nimefunga karakana mapema ili nikujibu, na nimekaa hapa robo saa.

Sikujua kwamba ni lake. Niliketi naye mara nyingi mezani, na siku zote alikuwa akinitania mimi na kijani changu. Lile la kwake aliliweka kwa ajili ya nyumbani. Asante kwa kuniambia. Nitalikumbuka akilisema kwa sauti ya Mbotela, hata kama sikumsikia.

Beki wa Kushoto

Mimi nimenyamaza. Mwenye uzi na shemeji wake wamalizane.

Chui wa Lurambi

Mulamwa, pole kwa mzee. Mimi ndiye niliyesema utani usiouma ni salamu. Bado nasema hivyo, lakini kuanzia leo nikitaka kumtumia mtu utani wa nyumbani kwake nitauliza kwanza ni wa nani.

Mulamwa wa Chavakali

Asanteni wote. Sasa fundi, tuongee biashara, maana naona umejaza uzi machozi ili tusahau debi. Hujanilipa ngege wa ile mechi ya kwanza baada ya matanga. Sikudai kwa sababu tulikuwa tumenuniana, lakini daftari ninalo. Mke wangu ni shahidi, na ni dadako.

Jumapili nashuka Kiboswa na watu sita na skafu ya mzee. Nitaivaa juu ya koti, nisimame mlangoni pa karakana yako kabla ya kuingia. Tafuta la kusema. Lile la ngozi ya chui babako alishalitumia.

Fundi wa Kiboswa

Ngege wawili basi, na viti saba nimeshaazima kwa mama wa mandazi. Televisheni iko juu ya rafu ya tairi, waya nimeuangalia leo mara mbili.

La kusema nimelipata. Siliandiki hapa. Shuka ulisikie.